Ndoo ya Maji kwenye Jiko la Eleodoro

Januari ikiingia na kiangazi chake, soko letu la hapa pwani, Tomé, hunuka. Wageni wa Santiago huja na jasho lao na mafuta yao ya kujipaka juani, matumbo ya samaki yanaozea mferejini, na juu ya yote hayo unatanda moshi wa soseji. Katika uvundo huo, mchana kweupe, Mireya alimwaga ndoo nzima ya maji kwenye jiko la Eleodoro, muuza soseji.

Chwaaa! Majivu yaliruka yakatua kwenye mikate na kwenye masharubu ya mteja.

“We dada, una wazimu?”

“Moto ulipanda!”

“Ni mafuta ya soseji! Yanapanda, yanashuka!”

“Wote husema hivyo, halafu kilima kizima kinateketea.”

Eleodoro alimkagua juu mpaka chini. Gauni jipya la maua, lebo ya dukani bado inaning'inia shingoni, na chini yake buti nzito za kazi. Hasira ikamtoka, akacheka.

“Unaenda harusini au vitani, kimbaumbau?”

“Niko likizo,” Mireya alisema, uso umemwiva. “Sijui watu huvaa nini.”

Angejulia wapi? Viangazi vinane mfululizo alikuwa kwenye kikosi cha kuzima moto wa misitu. Wenzake wakiogelea, yeye alikuwa milimani anachimba mitaro ya kuzuia moto, anatema makohozi meusi. Mwaka huu alikataa mkataba. Alitaka kiangazi kimoja cha kukaa bure, kama alivyokaa utotoni kwa bibi yake, miguu majini, tikiti mkononi. Alijijua: akirudi milimani safari hii, hatatoka tena.

Wakapendana. Na simu zao, ole wako uketi karibu!

“Bonge wangu, umekula?” Mireya angeanza.

“Nitakulaje na wewe uko mbali?”

“Muongo! Nasikia unatafuna.”

Kichefuchefu kitupu. Lakini ana kwa ana mambo yalikuwa mengine. Eleodoro akisogeza mdomo, Mireya anageuza uso. Maskini alijisugua kwa limau mpaka ngozi ikawasha.

“Nanuka?”

“Hapana.”

“Mbona unaziba pua?”

“Mafua.”

Mafua Januari! Hata mtoto hadanganyiki.

Jumapili jioni Eleodoro aliwasha moto ufukweni, akapanga mbavu za ng'ombe, pete imetulia mfukoni mwa shati. Akaenda garini kuchukua divai. Aliporudi, moto hakuna. Mireya alikuwa ameufukia kwa koleo pamoja na mbavu zote, amepiga magoti, anakandamiza mgongo wa kiganja kitupu juu ya majivu, hapa na pale, kama wafanyavyo watu wa kikosi kuhakikisha chini hakuna kaa lililo hai. Kisha akakimbilia nyuma ya jiwe, akatapika.

“Nilitaka kukuchumbia, Mireya!” Eleodoro alipaza sauti. “Kumbe nakutia kinyaa kiasi hicho?”

Mireya alifuta mdomo, akaokota koleo. Eleodoro akaondoka.

Asubuhi simu ililia. Alikuwa Don Ulises, mkuu wa kikosi. “Vilima vinaungua, binti. Pikapu inapita kituo cha basi sasa hivi. Huko pwani unafanya nini cha maana?”

Mireya alivaa buti, akaenda kituoni. Pale akampigia Eleodoro.

“Nisikilize, usinikatize. Si wewe. Ni nyama. Kiangazi changu cha pili tulikuta ng'ombe wamenasa kwenye seng'enge, wameungua wote. Tulikuwa hatujala tangu jana yake. Ile harufu, Bonge... tumbo langu likanguruma. Nilitamani kula! Basi najichukia. Nikinusa jiko lako, najinusa mimi mwenyewe.”

“Uko wapi?”

“Kituoni. Nasubiri gari la kikosi.”

“Usipande.”

Alifika mbio, shati kalivaa ndani nje, tikiti kwapani, mfuko wa unga wa ngano iliyokaangwa mkononi. Akaketi ukingoni mwa barabara, akalipasua tikiti kwenye jiwe, akamwagia unga, akakoroga kwa kijiko kama bibi zetu.

“Kula.”

Mireya akala. Maji yakamtiririka kidevuni mpaka kwenye gauni, unga ukaganda midomoni, inzi wakawajia. Kinyaa gani kile! Naye akacheka huku kamasi zinamtoka, akaomba kijiko kingine.

Pikapu ikasimama. “Panda, binti!”

Mireya alifungua kamba za buti, akazivua, akazirusha zote mbili nyuma ya gari. “Mpe mwingine, Don Ulises. Niko likizo.”

Mzee alitazama uso ule uliojaa unga, akatikisa kichwa, akaondoa gari.

“Na jiko?” Mireya aliuliza.

“Nimemwachia kaka yangu. Mimi nitauza matikiti kama hili.” Eleodoro alitoa pete kwa vidole vinavyonata. “Jana hukunijibu.”

Mireya aliegemeza mgongo wa kiganja kifuani pa Eleodoro, akaubakisha hapo.

“Vipi, kimbaumbau?”

“Bado kuna moto.”

“Utauzima?”

Alinyoosha kidole kipokee pete. “Leo sina ndoo.”