Imefungwa Wapi, Wegesa?

Tangu lini maharage yakapumua? Wegesa aliiinua ile chupa juani, akaigeuza huku na huku, akaiweka chini, akaiinua tena. Maharage aliyapika siku nne zilizopita, yamelala baridi, na kwa nje kioo kilikuwa kikavu kabisa. Lakini kwa ndani, juu ya maharage, palikuwa na ukungu. Ulitanda, ukafifia, ukatanda tena, kama dirisha mtu anapolihemea kwa karibu.

"Na wewe una nini?" aliiuliza chupa kwa hasira, maana kuni za asubuhi ile zilikuwa mbichi na moshi ulishamtoa machozi ya kutosha.

Akafyatua waya, akafunua. Hapakuwa na uvundo. Afadhali ungekuwepo uvundo! Hapakuwa na harufu yoyote, ya kitunguu wala ya mafuta, na alipoonja ilikuwa kama kutafuna kitambaa kilicholowa.

Chupa zilikuwa za Bwana Nikolaus, kiongozi wa wapima viwanja. Mwaka ule wa Operesheni Vijiji, watu wa vilima vya Kenyamonta walikuwa wameshapakiwa kwenye malori na kushushwa bondeni, kwenye kijiji kipya, ambako kila familia ilikaa chini ya turubai au matawi ikisubiri kupimiwa kiwanja. Wapimaji walipiga kambi juu kilimani, kwenye mahame, ili walione bonde lote. Walitaka mpishi anayejua maji yalipo. Wegesa, mjane wa Mniko, aliyajua, kwa sababu mahame yale yalikuwa ya mumewe. Mafiga aliyopikia kambini yalikuwa mafiga yake mwenyewe, yaliyobaki pale jikoni kwake palipobomolewa. Na nyuma ya hema la Nikolaus, kwenye ua wa minyaa, alizikwa mama mkwe wake, Bhoke.

Nikolaus alizipata chupa hizo misheni, kwa masista. Zilikuwa kumi na mbili, za kioo kinene na mdomo mpana, kila moja na kifuniko cha kioo, pete ya mpira mwekundu na waya wa kubana. Moja, alisema, ilivunjika njiani.

"Unachemsha, unafunga kikiwa cha moto, basi," alimfundisha siku ya kwanza, utadhani Wegesa alizaliwa jana. "Hakuna nzi, hakuna fisi wa kunusa. Kisichopumua hakiozi, mama. Hiyo ndiyo sayansi."

Sayansi! Wegesa alikuwa amefunga vitu visipumue kabla Nikolaus hajawafikiria masista.

Mchana ule wapimaji walikula vijiko viwili viwili, wakasukuma sahani.

"Umetupikia udongo?" mmoja akauliza.

"Nimewapikia maharage."

"Hukuchemsha mipira," Nikolaus akasema. "Uvivu tu."

Haya, akachemsha mipira. Akachemsha chupa, vifuniko, hata waya. Kesho yake akafunua nyama ya kukaanga: ukungu, na ladha hakuna. Akachemsha upya kila kitu, maji akiyapandisha kilima kizima kutoka kisimani, akisonya kila hatua. Akaomba apike kwa chungu kama watu wengine. Nikolaus akakataa. Chungu kitaita fisi, na utaratibu ni utaratibu.

Siku ya tano chupa tatu zikakutwa tupu. Waya ulikuwa umebana, mpira umeng'ang'ania hata kufunuka kwake kukatoa mlio wa kufyonza, na ndani hamna kitu ila mafuta yaliyoganda ubavuni, yenye michirizi minne minne ya vidole. Mikono ya Wegesa, pamoja na wembamba wake wote, haikupita kwenye mdomo wa chupa ile.

Nikolaus hakuitazama michirizi. Alimtazama mpishi.

"Nani hubaki kambini sisi tukienda kupima?"

"Mimi."

"Basi."

"Bwana Nikolaus, mimi si mwizi."

"Taifa linajenga, wewe unanyonya. Huyo ndiye kupe, mama. Chupa nyingine ikipungua, naiandikia kamati ya kijiji barua, na kile kiwanja ulichoahidiwa karibu na kisima apewe mwenye mikono safi."

Wegesa alitamani kumpasulia chupa miguuni. Watoto wake watatu, Marwa na wadogo zake, walikuwa wanalala chini ya turubai lenye matundu, mvua za vuli zinanukia, na viwanja vilivyobaki vilikuwa kule kwenye mbuga ya udongo mweusi, saa nzima kutoka majini. Tena akishaitwa kupe, nani angekuja kumsaidia kusimamisha nguzo? Alimeza hasira yake, akarudi kuchochea moto.

Jioni hiyo Simoni dereva, mtu wa Tanga, alimsogelea kando ya gari, akanong'ona akitazama nyuma.

"Mama Marwa, haya kwetu tunayajua. Hilo jini. Linaanza kwa kula ladha, likizoea linakula na chakula. Tutafute mtu wa kulitoa."

"Mura, kijana wangu, jini gani atoke pwani kuja kufuata maharage Kenyamonta?"

"Basi ni nani?"

Wegesa alishaanza kumjua ni nani, na kumjua huko kulimkera kuliko kutojua.

Bhoke alikuwa kipofu miaka saba kabla ya kufa, na alikula kwa pua kwanza. Alikaa kizingitini akinusa: leo umetia mboga ya jana, leo chumvi imezidi, leo huyo kuku ana homa. Alimchosha Wegesa, jamani, alimchosha! Ukaja mwaka wa njaa. Wegesa akapata nyama kidogo, akaikausha, akaitia mafuta kwenye kibuyu, akakiziba kwa gunzi, kisha akazungushia nta ili harufu isitoke hata chembe. Akawalisha watoto porini. Bhoke akawa anatambaa na ukuta, anagonga kila kibuyu kwa ukucha asikilize kama kina kitu, anauliza, "Naisikia nyama. Imefungwa wapi, Wegesa?" Naye Wegesa anajibu, "Hakuna nyama, mama. Ni njaa inakudanganya." Wiki ya tatu kizee akazimika, mkono bado ukutani.

Ndiyo maana siku ya malori hakwenda kaburini. Mkwe anayehama huenda kuwaaga waliolala, huwaambia twende, na hubeba figa moja hadi makao mapya ili wayajue. Wenzake waliwakatalia mgambo, wakakimbia kufanya hivyo. Wegesa alisingizia haraka, akapanda lori.

Kesho yake saa saba mchana alikuwa peke yake kambini, chupa nane zimepangwa mbele yake kwenye sanduku, naye amekaa akizilinda kwa mwiko mkononi. Upepo ukakata. Kwanza akakosa harufu ya moshi, ingawa moshi ulikuwa unampitia usoni, kisha akakosa ya vitunguu vilivyokuwa vinaungua sufuriani, kisha akaliinua kwapa lake akanusa na jasho lake mwenyewe likawa halina harufu, akawa kama mtu aliyekwisha kufa anayeona tu dunia ya wenzake ikiendelea. Na ndipo kikaanza kile kidole, tk, tk, ukucha kwenye kioo, chupa ya kwanza, ikapita kimya, chupa ya pili, tk, tk, pole pole kama mtu asiye na macho anayepapasa rafu, ukungu ukitanda ndani ya kila chupa inayoguswa, ya tatu, ya nne, ya tano, ukizidi kumsogelea Wegesa aliyeshindwa kuinua hata unyayo, mpaka ya nane, iliyogusana na goti lake, ikatanda yote nyeupe, na kwenye weupe ule, kwa ndani, pakajibana pua bapa iliyozeeka, ikavuta.

"Imefungwa wapi, Wegesa?"

Sauti haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya njaa tu.

Woga ulimshika, lakini chini ya woga hasira ya siku zote hizi ikapasuka.

"Kibuyuni!" akapiga kelele. "Ilikuwa kibuyuni, mama, nyuma ya ghala! Nilikuficha! Nilikuwa na watoto watatu na nyama ya kiganja, ningefanyaje? Mimi ni mwizi! Niliiba chakula! Haya, umesikia? Kula!"

Akafyatua nyaya moja baada ya nyingine, vidole vikichubuka, vifuniko vikibiringika majivuni. Alipofunua ya nane, harufu zote zikarudi kwa pamoja, nyama, kitunguu, moshi, jasho, kwa nguvu hata akakaa chini. Upepo ukapita kuelekea kwenye minyaa. Wegesa akalia, akalia kama hakuwahi kumlilia Bhoke, kisha akang'oa figa moja lingali na joto, akalifunga kwenye kanga.

"Twende nyumbani, mama," akasema.

Alipogeuka, wapimaji wote walikuwa wamesimama na minyororo yao ya kupimia. Walikuwa wamekuja kula.

"Mmesikia," Nikolaus akawaambia wenzake. "Amekiri kwa mdomo wake."

"Bwana Nikolaus, hayo niliyosema ni ya—"

"Sitaki kusikia neno lako tena! Hata moja!"

Simoni akafungua mdomo kumtetea, akatazamwa, akaufunga. Barua ikaandikwa palepale, juu ya boneti la gari, ikakunjwa na kuingia mfuko wa shati. Nikolaus angeipeleka mwenyewe kwa kamati, kisha aende mjini kutafuta mpishi mwingine. Wegesa alisimama na figa lake. Kweli aliyoshindwa kuisema mwaka mzima ameisema, na ndiyo iliyomnyang'anya kiwanja.

Nikolaus aliingia hemani, akainama chini ya kitanda, akatoka na kitu kilichozungushiwa sweta. Alipopanda garini sweta likateleza. Ilikuwa chupa ya kumi na mbili, ile aliyosema imevunjika njiani, imejaa minofu mitupu hadi shingoni. Siku zote wenzake walipotafuna maharage yasiyo na ladha, yeye alikuwa na yake ya kula gizani. Akaipakata mapajani, akaubana waya vizuri.

Ndani ya kioo ukungu ukatanda, ukafifia, ukatanda.

Figa kwenye kanga ya Wegesa lilikuwa limepoa ghafla. Bhoke hakuwahi kutoka kwenye nyumba yenye kitu kilichofungwa, hata aitwe mara ngapi.

Simoni alivuta pumzi mara mbili, akakunja uso. "Bosi, mbona leo petroli hainuki?"

"Endesha."

Neno moja tu lingetosha. *Ifungue.* Wegesa alilihisi ulimini, zito na tayari. Akaitazama ile barua, ncha yake nyeupe mfukoni mwa shati. Akakumbuka alivyoamriwa asiseme neno, hata moja, na yeye hakuwa mtu wa kuvunja utaratibu.

Gari likaanza kuteremka, na katikati ya ngurumo yake akasikia, tk, tk.

Akajitwika figa kichwani, akashika njia ya mkato kwenda kwa watoto.