Sauti Chini ya Nyimbo za Asali

Asali alikuwa mwimbaji ambaye hata maadui zake walimsikiliza. Nyimbo zake za mapenzi zilikuwa zimepatanisha wagomvi na kuliza wajane, na sasa mvi zilipomjaa aliamua kuzikusanya zile za zamani ziwe albamu moja. Kanda zenyewe zilikaa kabatini miaka mingi hadi zikashika ukungu, kwa hiyo alimpelekea fundi wa sauti azisafishe.

Fundi alianza na wimbo uliopendwa kuliko zote, wa kumbembeleza mpenzi alale. Chini ya gitaa akasikia kitu kikigonga. Ngo, ngo, kisha kimya. Akadhani ni mkwaruzo, akaufuta kwa mashine, akarudisha wimbo mwanzo. Kikagonga tena, safari hii kwa karibu.

Akampigia simu Asali. "Mzee, huu wimbo uliurekodia wapi?"

"Nyumbani, sebuleni. Kwani vipi?"

"Kuna mtu anagonga mlango."

"Futa," Asali alisema. "Kwani fundi ni nani, mimi au wewe?"

Fundi akafuta. Ilikuwa mchana, jua la utosi, mtaa mzima umejificha kivulini. Alipovua vipokea sauti vya masikioni ili apumzike, kugonga hakukukoma. Kulitoka ukutani, nyuma ya kiti chake, na pamoja nako ikaja harufu ya chumba cha mgonjwa, jasho la homa na shuka lisilobadilishwa na dawa ya kuchua, ikamzunguka taratibu kama mtu anayetafuta pa kukaa, mpaka fundi, ambaye hakuwa mwoga na alizoea kukaa peke yake gizani na sauti za watu waliokwisha kufa, akajikuta amesimama nje kwenye jua kali, miguu mitupu, hajui viatu aliviacha saa ngapi.

Hakumwambia mtu. Kazi ni kazi, na Asali alikuwa anakuja kurekodi maneno ya kufungulia albamu.

Alikuja amevaa suti nyeupe. Akaingia chumba cha kurekodia, fundi akabaki upande wa pili wa kioo. "Wapenzi wangu," Asali akaanza, kwa ile sauti laini iliyompa jina, "nyimbo hizi niliziimba kwa ajili ya..."

Hakumaliza. Mdomo wake ulibaki wazi, na ndani yake ikatoka sauti ya mwanamke, kavu, iliyochoka.

"Nifungulie."

Asali alijishika koo. Akakimbilia mlango, akausukuma, akaupiga mabega, akaugonga kwa viganja, na kila alipojaribu kuita msaada ni yule mwanamke aliyesema, nifungulie, nifungulie, naungua kwa homa, na fundi upande wa pili alivuta kitasa kwa nguvu zake zote ilhali aliona wazi kwamba mlango ule haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Ulipofunguka wenyewe, Asali alianguka kifudifudi miguuni pake.

Fundi alimpeleka nyumbani. Mke wa Asali aliwapokea mlangoni. Huyu alikuwa mke wa pili, na alikuwa mdogo wa marehemu mke wa kwanza. Dada yake aliugua homa, akafa. Mwaka uliofuata shemeji akawa mume.

"Amepatwa na nini?" aliuliza.

Mumewe akainua macho. Mdomo ukafunguka.

"Kifaranga," ilisema ile sauti. "Umekua."

Mwanamke akashika fremu ya mlango. Chini ya jua hili ni mtu mmoja tu aliyewahi kumwita Kifaranga.

Asubuhi iliyofuata mke alimleta mganga, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, asiye na mbwembwe. Mganga alimkalisha Asali mkekani, akamfunika shuka jeupe, akafukiza ubani. Kisha akauliza kwa heshima, kama anayebisha hodi, "Wewe uliye humo, unataka nini?"

"Nataka nisikike."

"Tunakusikia, mwanangu. Sema."

Ikasema. Shuka lilitikisika huku sauti ikieleza jinsi alivyolala na homa chumbani siku ambayo mumewe alikuwa anarekodi, jinsi alivyopaza sauti kuomba maji na kuharibu wimbo, jinsi mume alivyokuja akamtazama, akatoka, akageuza ufunguo. Aligonga. Sebuleni mpenzi alikuwa anaimbiwa alale. Alipochoka kugonga, wimbo ulitoka safi.

Fundi, aliyekuwa amerudi kumjulia hali na kusimama pembeni, alitazama sakafu.

"Mimi uliniambia alifia usingizini," mke akasema. Akafunua shuka. "Ulimsikia akigonga?"

Asali alikuwa analia. Akatikisa kichwa, kukataa. Mkewe hakuondoa macho, akangoja. Hatimaye kichwa kikainama, kikakubali.

Mganga akamvuta mwanamke kando. "Huyu si wa kupigwa wala kufukuzwa," alinong'ona. "Ana haki yake. Ila wewe ni damu yake. Ukimwomba aende, ataenda, na mumeo atarudishiwa sauti. Usipomwomba, mimi sina la kufanya."

Asali aliyasikia. Akatambaa mpaka miguuni pa mkewe, akamshika pindo la kanga, akamtazama kama mtoto anayeomba asipigwe. Ni huyu huyu aliyemlilia kaburini siku ya mazishi ya dada yake, akamwambia, shemeji, tumebaki wawili.

Mwanamke aliinama akalitoa pindo lake vidoleni mwake, kidole kimoja kimoja, bila hasira. Kisha akaketi mkekani, uso kwa uso naye, na alipozungumza hakuwa anamwambia yeye.

"Dada," alisema, "hapa ni kwako. Kaa."

Ndani ya koo la Asali mtu akavuta pumzi ndefu, kama anayejiandaa kuimba.