Maua ya Kumwita Ndege Mvumaji

Jirani yetu Tomasa anadai kuwa marehemu mumewe alikuja kumsalimia Jumatatu asubuhi. Anasema yeye alikuwa anafua uani. Ndege mvumaji, yule mdogo kama kidole gumba, akaja akaelea mbele ya uso wake, akamtazama, kisha akaenda kunyonya maua. Akarudi mara tatu. Hayo aliyasimulia kwenye mashine ya kusaga mahindi, na foleni nzima ikamsikia.

Kwetu ndege huyo ndiye huleta salamu za waliofariki. Mama alirudi na beseni lake la mahindi yaliyosagwa, akalibwaga mezani.

“Mume wa Tomasa alikuwa mlevi,” akasema. “Baba yako hakunilaza na njaa hata siku moja. Ana miezi minne kaburini, na sijaona hata unyoya. Kosa langu nini?”

Mama alikuwa amejaribu mengi. Alinunua mawaridi sokoni, yale yaliyofungana kama kabichi. Alitundika chupa ya maji ya sukari yenye rangi nyekundu; yakachacha, wakaja sisimizi. Akapuliza dawa, wadudu wote wakafa. Na kila alfajiri alifagia ua mpaka ukang’aa. Mmea uliojiotea wenyewe aliung’oa. Kwa Tomasa magugu yalifika magotini, na Mama alipaita zizi la mbuzi.

Nilikwenda kumwita Rufina, anayetunza miche kwenye kitalu cha kijiji. Alimkuta Mama jikoni anakaanga maua mekundu ya mti wa kolorini na mayai, kama kila mwezi wa Machi. Mti wenyewe ulikuwa nje, ule aliopanda Baba. Haukuwa umebaki na ua hata moja.

Rufina alikula kwanza, akashukuru. Kisha akauliza maua ya mti yako wapi. Mama akamwonyesha kikaango.

“Mama Herminia, mgeni unamwalika, chakula chake unakikaanga, halafu unauliza mbona haji?”

Nilitazama miguu yangu nisije nikacheka.

Rufina akaeleza taratibu. Ndege huyu amezoea mimea ya milima yetu hii. Mdomo wake ni mrefu na mwembamba, kwa hiyo hutafuta maua marefu kama kibomba, hasa mekundu. Waridi la kabichi halina kitu cha kumpa. Dawa nayo huua vijidudu anavyolisha makinda. Chupa si lazima, lakini akiitaka, aweke kikombe kimoja cha sukari kwa vinne vya maji, bila rangi, na aioshe kila baada ya siku mbili. La maana ni kuchagua mimea inayopokezana. Kolorini huchanua wakati wa kiangazi, kwa hiyo avune maua ya chini, ya juu amwachie ndege. Mirto, kile kichaka cha maua membamba mekundu, huchanua karibu mwaka mzima.

“Hiyo mirto naipata wapi?” Mama akauliza.

Rufina alichungulia ng’ambo ya ukuta. “Kwa Tomasa imejaa tele.”

“Afadhali nife.”

Siku ya nne Mama alinipa sahani ya maua ya kukaanga, nimpelekee Tomasa. Akasema kama nitamkuta anapunguza mimea yake, basi nisikatae matawi. Tomasa aliniuliza mara mbili ni nani aliyenituma. Alinipa matawi kumi na moja, na maneno mengi kuliko matawi.

Tuliyachomeka kando ya ukuta. Mama aliyanung’unikia kila siku, kwamba yanakua kama yatima, lakini aliyamwagilia, na dawa akaiacha. Alifagia akiyazunguka. Mwezi wa Julai yakachanua, mekundu.

Ndege alikuja Novemba, wiki ya kutimia mwaka wa Baba. Alipita ua moja hadi jingine. Kisha akaja kuelea mbele ya uso wa Mama, mabawa yakivuma. Mama alisimama na ufagio wake, hakupepesa macho.

“Evodio,” akamwita Baba polepole, “kesho njoo tena. Ila njoo Tomasa akiwa nje, akuone.”

Ndege akarudi kwenye mirto, akanyonya ua moja, kisha akaruka ukuta kwenda kwa Tomasa.