Ukucha wa Shimoni

Ilianza harufu. Shimo la mbele ya jukwaa, ambamo mzee Lukaia hukaa akiwanong'onezea waigizaji maneno yao, lilinuka kama jibini lililofia ndani ya soksi.

"Mzee, umeoga mwaka huu?" Kaikhosro mchekeshaji alimtania.

Lukaia alitoka akitapika. "Humo mna mwenyewe," akasema, akaenda zake.

Jioni ukumbi wa mji wa Kutaisi ulifurika. Kijojia, lugha yao, kilishafukuzwa shuleni, kimebaki jukwaani tu. Na afisa wa Kirusi aliyeketi mbele alikuwa ameapa: wakijikwaa leo, kesho ukumbi wanapewa Warusi. Nao waigizaji hawakuwa wamekariri chochote. Mchezo mpya kila wiki, nani akariri? Walizoea kulishwa maneno kutoka shimoni.

Shimoni mtu akakohoa. Kumbe Lukaia karudi, wakafurahi. Tekle, malkia wa mchezo, akatega sikio apate maneno. Sauti yenye makohozi ikamlisha Kirusi, naye akakitema vilevile, kama kasuku. Afisa akacheka mpaka masharubu yakalowa mate.

Pazia likashushwa.

"Ni jini," Tekle alinong'ona. "Bibi alisema ukimkata ukucha ukauficha, anakutumikia."

"Kata wewe, bibie," Kaikhosro akasema. "Mimi na tumbo hili nitakwama."

Tekle akatambaa shimoni na mkasi wa mshona mavazi, akapapasa mkono laini kama ini bichi, akakata ukucha mrefu uliojaa uchafu, na papo hapo lile jini likaanza kuusaka, likimnusa nywele, likimnusa kwapa, likimchuruzia kamasi shingoni, mpaka asibakiwe na pa kuuficha ila mahali pamoja, akautia chini ya ulimi, unateleza, una chumvi, una vinyweleo, akapanda nao jukwaani.

Sauti ikatii. Kijojia kikamiminika, ukumbi ukasimama, wanaume wazima wakalia. Afisa aliondoka akasahau kofia. Kwenye neno la mwisho, Tekle akaumeza ule ukucha.

Asubuhi koo lilimwasha.

"Fungua mdomo nione," Kaikhosro alisema akicheka. Akachungulia. Kicheko kikamkauka. "Dada yangu... kuna kidole."

"Kinafanya nini?"

"Kinaniita."

Tekle alifumba mdomo, akaubana kwa viganja vyote viwili.

"Mungu wangu," Kaikhosro alinong'ona. "Na leo tunacheza?"

"Tunacheza," sauti ilijibu kwa Kijojia safi, na midomo ya Tekle haikuwa imefunguka.