Gentille na Habari ya Barafu

Kila siku akitoka shule, Gentille alikuwa na kazi ambayo wenzake wa darasa la sita hawakuwa nayo. Kabla hajavua hata koti, alimsomea mama barua zilizoingia, kisha akapokea simu za nyumba nzima. Wazazi wake, Cubaka na Charlotte, walitoka Kongo wakiwa watu wazima, na Kiingereza kiliwapiga chenga. Katika nyumba yao ya Buffalo, mdomo wa kuongea na Wamarekani ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa wa msichana wa miaka kumi na miwili.

Papa wake alikuwa ameumia mgongo akibeba maboksi ghalani. Tangu hapo alishinda kwenye kiti cha dirishani ameshika tama, akitazama theluji chafu ya barabarani. Hakutania mtu, wala hakuulizia chakula. Ukimsalimu aliitika "mm," basi. Mama alirudi kutoka kazi ya kutunza wazee akiwa amechoka hoi, akamkuta palepale alipomwacha.

Mwezi wa Februari, mwaka 2016, Mzee Aloisi alibisha hodi. Alikuwa Mrundi waliyesali naye kanisa moja.

"Cubaka, wewe si mvuvi wa Ziwa Kivu?" alisema. "Watu wa hapa wanavua juu ya barafu. Wanatoboa tundu, wanateremsha ndoano. Nimepanga nyumba ya mbao kando ya ziwa. Ijumaa tunalala huko, alfajiri tunaingia."

"Tunaingia ziwani? Kwa miguu?"

"Kwa miguu, ndugu yangu."

"Bon," Papa alisema, "hiyo lazima niione kwa macho yangu!"

Loo, ungemwona Cubaka wiki ile! Alitafuta viatu vya theluji katika duka la mitumba, akavijaribu sebuleni huku akichechemea na kucheka. Alifunga ndoano, akapima mishipi, akamweleza Gentille jinsi walivyovua sambaza, wale samaki wadogo, kwa taa kule Kalehe, kwao Ziwa Kivu. Aliweka hata kopo la minyoo ya chambo ndani ya friji, kando ya mboga ya sombe.

"Cubaka! Unataka tule nini humu ndani?" Mama alipiga kelele.

"Donc, ukikosea kopo, utaniambia ladha yake," Papa alijibu. Mama alicheka hadi machozi. Gentille aliwatazama, akatamani wiki ile isiishe.

Alhamisi jioni simu ililia. Alikuwa mwenye nyumba ya ziwani. Mzee Aloisi alikuwa amempa namba ya Gentille, kwani naye Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza.

"Joto limepanda na mvua imenyesha siku nzima," yule bwana alisema kwa Kiingereza. "Barafu imelainika. Jana mtu aliponea chupuchupu kuzama. Mwambie baba yako asikanyage ziwani. Na sidhani kama itaganda tena mwaka huu."

"Anasema nini?" Papa aliuliza, ndoano mkononi, tabasamu usoni.

Gentille akageuka. Alikiona kile kiti cha dirishani.

"Anasema... anawasubiri, Papa."

Tangu dakika ile hakupata raha. Alijiambia huenda baridi itarudi. Alijiambia Mzee Aloisi ni mtu mzima, ataiona barafu mwenyewe. Lakini moyoni alijua kwamba alfajiri ni giza, na kwamba wazee wale wawili wangetembea juu ya ziwa kwa kuliamini neno lake.

Ijumaa mchana gari la Mzee Aloisi lilikuwa limeshapakiwa: blanketi, unga wa ugali, sufuria, na keekee ndefu ya kutobolea barafu. Kama ilivyo desturi yao, hakuna aliyesafiri bila kuombewa. Wakashikana mikono sebuleni, Papa akaomba.

"Mungu wetu, utulinde njiani. Na asante kwa Gentille. Katika nchi hii sisi ni mabubu, wewe umetupa huyu awe mdomo wetu. Amina."

"Amina," Mama na Mzee Aloisi waliitika.

Gentille alifungua kinywa aitikie. Akaangua kilio.

"Msiende! Barafu imelainika! Yule bwana alisema mtazama, mimi nikawaficha!"

"Yesu wangu!" Mama alishika kichwa. Mzee Aloisi akaketi juu ya kochi taratibu.

"Mimi ndiye ningetangulia," alisema kwa sauti ndogo. "Keekee ninayo mimi."

Papa hakufoka, na hilo lilimtisha Gentille zaidi.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Ulikuwa unacheka, Papa. Nilitaka uendelee kucheka."

Kisha Papa akamtazama kama mtu aliyeshtukia jambo.

"Na daktari? Siku ile mimi na wewe tulipokwenda hospitali, ulisema nitapona nirudi kazini. Alisema hivyo?"

Gentille alitikisa kichwa, machozi yakimdondoka. "Alisema hutabeba tena mizigo mizito. Kamwe."

Papa akaenda kukaa kwenye kiti chake. Mama alimfuata, akamwekea mkono begani. Nje mvua ilikuwa ikinyesha, na Mzee Aloisi alitoka kupakua gari peke yake. Hakukuwa na safari, wala hakukuwa na kazi ya ghalani ya kurudia. Gentille alitamani ardhi ipasuke chini ya miguu yake.

Baada ya muda mrefu Papa alimwita.

"Nimekaa hapa miezi yote nikiungoja mgongo upone," alisema. "Kumbe nilikuwa nangoja kitu ambacho hakipo. Umeniumiza, Gentille. Lakini ulibeba mzigo wa watu wazima, nasi tulikuachia, na kosa hilo ni letu. Nisikilize vizuri. Anayepeleka neno la mtu halipunguzi wala haliongezi. Likiwa la kulia, tutalilia wote. Ukilificha, litatuua tukiwa tunacheka."

"Nisamehe, Papa."

"Nimekusamehe. Jumatatu utampigia daktari. Muulize mtu mwenye mgongo kama huu anaweza kufanya kazi gani. Kisha uniambie jibu lote."

"Hata likiwa baya?"

"Hasa likiwa baya," Papa alisema.