Mboni na Hesabu za Kijamaa

Kila alasiri, akishateka maji na kumtwangia mama yake mtama, Mboni alijifunga kanga na kukimbia shuleni. Kaka yake, Abdurahmani, alikuwa likizo kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikokuwa akisoma hesabu. Kijiji chao cha ujamaa, karibu na Kitomanga, kilimwonea fahari, na kikamwomba awafundishe wanafunzi wa darasa la saba, Mboni akiwamo, kabla ya mtihani wao. Jumamosi angerudi chuoni.

"Nitawataka yale yale ambayo mhadhiri wetu anatutaka sisi," aliwaambia siku ya kwanza. "Usilete jibu tupu, lete na njia yake. Kusaidiana ruksa, ila uweze kueleza mwenyewe. Na usipoelewa, uliza."

Kuuliza! Hapo ndipo Mboni aliposhindwa. Kugawanya kwa sehemu hakukumwingia kabisa, lakini dada wa msomi angeinuaje mkono? Basi jirani yake wa dawati, Binti, alifanya hesabu, Mboni akanakili, na majibu yakazunguka darasa zima.

"Si tunaambiwa kazi ni ya wote?" alisema Andrea, mcheshi wa darasa. "Hizi ni hesabu za kijamaa!" Wote wakaridhika.

Alhamisi Abdurahmani alimwita Mboni ubaoni. "Tatu gawanya kwa nusu."

Mboni akaandika upesi: sita.

"Vyema. Mbona umegawanya, na namba imekuwa kubwa?"

Mboni akamtupia Binti jicho la kuomba msaada.

"Eleza tu, mdogo wangu."

"Tuli... tulifanya kijamaa, kaka."

Darasa likaangua kicheko. "Msomi wa pili huyo!" Andrea akapaza sauti. "Mkatieni tiketi ya basi la Dar!"

Mboni alitamani ardhi immeze. Kilichomchoma zaidi ni uso wa kaka yake, ambao haukucheka.

"Shamba la kijiji ni la nani?" Abdurahmani aliwauliza.

"La wote!"

"Na mwenyekiti akipima ngwe, anampa Binti zote alime peke yake?"

"Aa, kila mtu na ngwe yake."

"Na anayekaa kivulini akingoja mavuno?"

"Kupe!" wakajibu kwa pamoja, kisha wakatazamana.

Neno lile lilimchoma Mboni kama mwiba. Machozi yakamlengalenga. "Kaka, mimi sijaelewa sehemu tangu siku ya kwanza. Niliona haya kuuliza."

Safari hii hakucheka mtu.

"Andrea, njoo umsaidie."

Andrea akainuka, akatazama ubao, akatazama miguu yake. "Hata mie, mwalimu."

"Kumbe wiki nzima nimemfundisha Binti tu!" Abdurahmani akashika kichwa. "Nami nimekosea. Niliona majibu yamenyooka, nikasahau kuwauliza njia."

Akafuta ubao. "Tuanze upya. Mboni, tuna mihogo mitatu, kila mtu anapata nusu. Watakula wangapi?"

Mboni akachora mihogo, akaikata kwa chaki, akahesabu taratibu. "Sita! Kumbe tunahesabu nusu zilizomo ndani ya tatu!"

"Umeeleza mwenyewe," kaka yake akasema, na sasa akatabasamu. "Sikilizeni nyote. Kutojua hakumfedheheshi mtu. Hata Chuo Kikuu tunaingia hatujui. Fedheha ni kujificha nyuma ya jibu la mwenzio, maana kwenye mtihani kila mtu hulima ngwe yake. Haya, nani ana swali?"

Mikono ikainuka darasa zima, na wa Mboni ukawa wa kwanza.