Kiti cha Mbele

Pikapu ya Telesphori ilikuwa nzee lakini haikuwa na tabia mbaya. Rangi ilikuwa imebabuka, mlango mmoja ulifungwa kwa waya, na injini yake ya dizeli ilitoa moshi kama jiko la kuni mbichi, lakini ilibeba samaki kutoka Chato kupitia Geita hadi sokoni Shinyanga bila kumwaibisha mwenyewe. Ilianza kugonga siku alipompandisha mke wake mpya kiti cha mbele.

Mke huyo aliitwa Coletha, msichana wa Ushirombo, mzuri wa sura na mfupi wa subira, mimba yake ndiyo kwanza imeanza kuonekana. Alijua ameolewa na mjane. Marehemu aliitwa Justa, alikufa kwa homa bila kuacha mtoto, na hilo halikumnyima Coletha usingizi. Maiti haimnyang'anyi mtu mume. Wa kuchungwa ni walio hai, na Coletha aliwachunga wote, hasa Paskalia, mwanamke aliyemuuzia Telesphori samaki kule Chato, ambaye watu walisema anacheka mno kila pikapu inapoingia. Ndiyo maana siku hiyo alidai kwenda Chato, na kwenda akiwa mbele, aonekane.

Hawakutoka hata mtaani kwao, Ngokolo. Injini ilianza kupiga: ko, ko, ko, kisha kitu kama ti. Halafu tena. Coletha alisema gari linamsema. Telesphori akacheka, akasema ni dizeli mbaya, maana miaka ile baada ya vita dizeli ilikuja imechanganywa na kila kitu isipokuwa uji. Lakini alipomrudisha mkewe nyumbani ili aende kwa fundi, kelele ilikatika pale pale mguu wa Coletha ulipogusa ardhi.

Fundi alikuwa Makoye, mtu mnene mwenye gereji ya mabati hapo hapo Ngokolo. Alichukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka juu ya injini na mpini akauweka sikioni, akasikiliza kama daktari. Hakusikia kitu. Akamwambia Telesphori kwamba gari ni zima na mgonjwa ni yeye. Telesphori akamweleza, kwa aibu, kwamba linagonga mama akipanda.

Makoye alicheka hadi akashika tumbo. Alisema basi ni uzito, raba za kushikilia injini zimechoka. Akapanda mwenyewe kiti cha mbele na tumbo lake lote, kimya. Akapakia mfuko wa saruji kitini, kimya. Akasema haya, mwiteni shemeji.

Coletha alikuja amenuna, akapanda, akatazama mbele. Ko, ko, ko, ti.

Sasa Makoye aliacha kucheka, maana kazi aliijua. Injini ya dizeli ikigonga, fundi hulegeza nati za mabomba ya nozeli, moja moja. Silinda yenye ugonjwa ikikosa dizeli, kelele hubadilika, ugonjwa ukajulikana ulipo. Alilegeza ya kwanza, injini ikayumba, kelele ikabaki ile ile. Alilegeza ya pili, na ya tatu, na ya nne, dizeli ikimrukia vidoleni, na kila mara injini iliyumba lakini kile kinachogonga hakikujali. Kilikuwa na mwendo wake. Hakikwenda na injini.

Jua lilikuwa utosini, bati za gereji zikilia kwa joto, na katikati ya harufu ya dizeli na oili chakavu ikaingia harufu nyingine, ya samli iliyokaa siku nyingi, nzito, ile wanawake wa vijijini wanayojipaka mwilini, na Makoye akainua pua, akamtazama Telesphori, kisha akanyoosha mkono ndani ya gari akavuta waya wa kuzimia, injini ikakohoa, ikatetemeka, feni ikazunguka mara ya mwisho ikasimama, kila chuma kikatulia mahali pake, na ndani ya utulivu huo, wazi kuliko mwanzo, karibu kabisa na magoti ya Coletha, upande wa pili wa bati linalotenga injini, kitu kikaendelea kupiga: ko, ko, ko, ti.

Coletha aliruka chini. Kikanyamaza.

"Ni nini hicho?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Chuma kinapoa, shemeji," alisema Makoye. "Chuma kikipoa hulia." Alisema hivyo huku ameficha mikono nyuma.

Coletha alitaka kuamini, akaamini. Alirudi nyumbani kwa miguu.

Alipopotea kwenye kona, Telesphori alikaa juu ya tairi bovu akasema yaliyokuwa moyoni. Huko ni kutwanga. Justa alitwanga hivyo maisha yake yote: mapigo matatu, kisha anagonga mchi ukingoni mwa kinu, unga udondoke. Na samli ni yake.

"Ameingiaje humu?" aliuliza Makoye.

Ameingizwa. Kwao Telesphori, kijijini Samuye, mke au mzee akifa hutengewa ng'ombe, ng'ombe akapewa jina la marehemu, akawekwa zizini asiuzwe wala asichinjwe ovyo, na marehemu akatulia. Lakini Telesphori alikuwa ameuza ng'ombe wote anunue pikapu. Zizi tupu, na marehemu anadai. Basi akafanya akili za mtu mwenye haraka: alichanganya maji na unga, akalipulizia gari kwa mdomo wake kama anavyopuliziwa ng'ombe, akaliita Justa, na ushanga wa kiunoni wa marehemu akaufunga ndani ya boneti, nyuma kabisa. Padri hakuambiwa. Coletha ndiyo kabisa.

Makoye alimpeleka kwa Mageni, mganga wa Samuye, mzee mkavu asiyependa maneno mengi. Walimpa shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho, akawasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema ng'ombe hula, huzaa, huzeeka, na jina huhamia kwa ndama. Chuma hakizai. Mzimu ukifungwa kwenye chuma hukaa na njaa, na ukikaa na njaa sana hausikii tena undugu, hugeuka jini.

"Umemfunga mwanamke aliyekufa bila mtoto ndani ya kitu kisichozaa," alisema. "Halafu umemkalisha mbele yake mwenye mimba. Ulidhani atawaimbia?"

Dawa aliitoa. Telesphori atafute mtamba. Siku mtamba atakapofika, Mageni mwenyewe atautoa ushanga garini na kuufunga shingoni mwa mnyama, jina lihame. Mpaka hapo gari lisiwashwe, na ushanga usiguse mwili wa mwanamke, maana jini linatafuta nyama, si chuma.

"Na mkeo mwambie yote," alisema Mageni.

"Nitamwambia, babu."

Hakumwambia. Gari lilisukumwa kutoka gereji hadi uani kwake; naye akaingia ndani, akala, akamtazama Coletha usoni, na ujasiri wote ukaisha kama chumvi kwenye maji. Wanaume wengi wako tayari kupambana na jini kuliko kumweleza mke jambo moja la kweli. Alisema tu kwamba anakwenda Samuye kwa shughuli, na kwamba yeye Coletha asilisogelee gari mpaka arudi.

Kesho yake alfajiri akaondoka. Akamwachia maneno hayo mwanamke ambaye kwa muda wote huo alikuwa akimuwaza Paskalia.

Coletha aliyageuza asubuhi nzima. Asilisogelee gari. Gari linalogonga yeye akikaa mbele, likimbeba mwingine linakwenda vizuri. Kwa nini fundi alificha mikono? Kwa nini mumewe alibaki na fundi, yeye akarudi kwa miguu? Mchana, majirani wakiwa sokoni, alitoka akainua boneti kama alivyomwona Makoye akifanya. Kila kitu humo kilikuwa cheusi kwa oili na vumbi. Nyuma kabisa, umefungwa kwenye chuma, kulikuwa na ushanga mwekundu na mweupe, safi, unang'aa, kama umevuliwa kiunoni asubuhi ile.

Ushanga wa kiunoni, kwenye gari la mume, na mke ameambiwa asisogee. Ni mwanamke gani asingeelewa?

Esta, jirani yake, alikuwa anarudi kutoka kisimani, akamkuta amesimama na ushanga mkononi, macho makavu. Akamuuliza kwa upole ni wa nani.

"Wangu," alisema Coletha. "Kama kuna mwingine aliyenunuliwa ushanga huu, aje auvue mwenyewe."

Esta alimwambia autupe, maana unanuka. Coletha akageuka. Aliingia ndani, akafunga mlango, akajizungushia ushanga ule kiunoni, na ingawa ulikuwa wa mwanamke mwembamba, na yeye alikuwa na mimba, na kwa haki usingefika hata nusu, ulifika, ukazunguka, ukakutana mbele chini ya kitovu bila kubana, baridi kama kitu kilichotoka kaburini na papo hapo ukapata joto, na Esta, aliyekuwa bado uani kwake na ndoo kichwani, akasikia kutoka katika nyumba ile mtu anatwanga, taratibu, kwa mkono uliozoea, akashangaa, kwa sababu Coletha alipeleka mahindi yake mashineni siku zote na nyumba ile haikuwa na kinu.

Telesphori alirudi alasiri na Makoye na mzee Mageni, wakiswaga mtamba mweupe. Mtamba alikuwa ametembea vizuri kutoka Samuye. Alipofika uani alisimama, akakojoa, akarudi nyuma hadi kamba ikamkata shingo. Boneti ilikuwa wazi. Mageni alichungulia mara moja tu, akachukua kamba mkononi mwa Makoye na kumgeuza mnyama.

"Babu, unakwenda wapi?" alinong'ona Telesphori.

"Kumrudisha ng'ombe. Hapa hana kazi tena."

Telesphori aliingia peke yake. Chumba kilinuka samli. Coletha alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, ngozi inang'aa, mikono yote miwili juu ya tumbo, akilipapasa kama mtu aliyepewa kitu alichokiomba muda mrefu. Coletha wa Ushirombo, aliyekataa kujifunza hata salamu ya Kisukuma, alimwona mumewe akapiga goti.

"Mwadila," alisema.

Kisha mwanamke akaongea naye kwa Kisukuma safi cha Samuye, polepole, bila hasira, akionyesha kwa kidevu magauni na kanga zilizoning'inia ukutani.

"Baba, hizi nguo zilizojaa chumbani kwangu ni za nani?"

Telesphori alizitazama nguo. Alilitazama tumbo, na macho yale yaliyokuwa yakimtazama, yakingoja jibu. Nje, hatua za ng'ombe zilikuwa zinafifia barabarani.

"Za mgeni," alisema. "Ameshaondoka."